Injini Kubwa, Rejeta Ndogo

JUMATATU, JIONI

Stoo ya nyuma ya gereji ilikuwa na mlango mmoja na meza moja. Meza yenyewe ilikuwa boneti la lori lililolazwa juu ya madramu mawili. Mshenga alichora ramani juu yake kwa chaki.

"Hapa machimbo. Hapa ofisi ya mnunuzi wa mawe. Bibi harusi yumo chumba cha nyuma."

Bibi harusi alikuwa sefu, kasha la chuma la fedha na vito. Mshenga hakuwahi kuliita jambo kwa jina lake. Kwake kuiba kulikuwa kuposa, bastola ilikuwa mahari, na polisi walikuwa wakwe. Ndiyo maana wakamwita Mshenga. Mtu mfupi, sauti ya upole, mikono ya shati imekunjwa kwa unadhifu, na kila aliyemjua vizuri alimwogopa.

Watatu walimsikiliza. Baunsa alikuwa mlangoni, mabega yamejaa fremu nzima. Stelingi, dereva, alikaa juu ya tairi akichezea ufunguo. Jina hilo alilipata kwa usukani, lakini mwenyewe alipenda kusema amelipata kwa sinema, kwa kuwa stelingi hafi hata sinema iwe ndefu kiasi gani. Wa tatu alikuwa Fundi, mwenye gereji. Alikuwa kaka yake Stelingi, baba mmoja mama mmoja.

"Hatumfungui pale," Mshenga aliendelea. "Tunambeba mzima mzima. Wa kumfungua wapo ng'ambo ya mlima."

"Ana uzito gani?" Fundi aliuliza.

"Wa bibi harusi aliyelishwa vizuri."

Stelingi alicheka. Fundi hakucheka. Aliitazama chaki ikipanda kutoka machimboni, ikaiacha barabara ya lami yenye kizuizi cha wakwe, ikashika njia ya nguzo. Njia hiyo ilichongwa na watu wa umeme walipokuwa wakisimamisha nguzo zao mlimani. Mawe matupu, kona kali, mwinuko wa kukatisha tamaa. Katikati palikuwa na bapa dogo, mahali tambarare penye nguzo moja kubwa, halafu mwinuko ukaanza tena, mbaya kuliko wa kwanza. Gari la polisi lisingefika popote kule.

"Na jipu letu halifiki pia," Fundi alisema. "Silinda nne zile, na sefu mgongoni? Litafia chini kabisa."

"Ndiyo maana nimekuletea moyo mwingine."

Mshenga alivuta turubai pembeni. Chini yake palikuwa na injini ya silinda sita, imetolewa kwenye lori lililopinduka, na rejeta yake kubwa ya kupozea maji imelazwa kando.

"Ifunge kwenye jipu. Jumamosi mchana tunaposa."

"Siku tano? Maunti za kukalia injini zikatwe, zichomelewe upya. Springi za mbele ziongezwe. Propela ifupishwe. Hiyo giaboksi yenyewe..."

"Jumamosi," Mshenga alisema, na akafuta ramani kwa kiganja.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Angekataa, injini ingepelekwa gereji nyingine, na mdogo wake angeendesha gari lililofungwa na mtu asiyemjali. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakupenda kujiambia. Mshenga alikuja pale kama mteja tu, ana gari linalovuta upande, na Fundi ndiye aliyesema, mchukue mdogo wangu ukalijaribu naye, hakuna anayeendesha kama yeye. Aliyewakutanisha ni yeye.

JUMANNE, MCHANA

Fundi alikuwa chali chini ya jipu akifungua bolti za giaboksi waliposimama karibu, viatu vya Mshenga vinang'aa, vya Baunsa vimepasuka. Hawakujua kama yupo.

"Na dereva?" Baunsa aliuliza.

"Dereva akishamfikisha bibi harusi, sherehe kwake imekwisha."

"Kama yule wa mwanzo?"

"Kama yule. Dereva anajua njia, anajua nyumba. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha anazurura mjini."

Viatu viliondoka. Tone la oili lilimdondokea Fundi shavuni, naye hakulipangusa. Alibaki amelala vile vile, spana mkononi.

Jioni alimvuta mdogo wake nyuma ya gereji, akamwambia yote, neno kwa neno.

"Kaka, umesikia vibaya."

"Nimesikia kwa masikio haya."

"Mshenga ananipenda mimi. Kaniahidi gari langu mwenyewe." Stelingi alimshika bega, akatabasamu lile tabasamu lililokuwa likimwepusha na viboko tangu utotoni. "Na hata kama. Stelingi hafi."

"Usiende Jumamosi. Nakuomba."

"Nikijitoa sasa ndiyo wataniua kweli. Hilo hulioni?"

Fundi aliliona. Hakulala vizuri usiku huo.

JUMATANO, ASUBUHI

Kituoni, mpelelezi wa polisi alimsikiliza Fundi akiwa amesimama dirishani, mikono mfukoni. Alitaka Mshenga akamatwe na sefu garini, si kabla.

"Tutaweka kizuizi njiani."

"Ukiweka kizuizi, Mshenga atapiga risasi, nanyi mtapiga. Na anayekaa nyuma ya usukani ni mdogo wangu. Mimi nitalizima gari. Litachemka, litafia pale bapani penye nguzo. Hamtahitaji kufyatua hata moja. Mtawakuta wanatazama moshi."

"Utalizimaje?"

"Injini kubwa inataka rejeta kubwa. Nitaiachia ile ndogo. Nitalijaribu kwanza na mifuko ya mchanga mpaka nijue linachemkia wapi."

Mpelelezi alimtazama kama mtu anayetazama bidhaa asiyoiamini. "Na wewe unataka nini?"

"Mdogo wangu awe hai."

"Atafungwa."

"Nimesema awe hai."

"Basi utakuwa shahidi. Ukisimama mahakamani, miaka yake itapungua."

Walipeana mikono. Fundi alitoka akinawa viganja vyake kwa hewa, anavisugua bila kujijua. Alikuwa amemuuza mdogo wake. Amemuuza ili amwokoe, ndiyo, lakini kuuza ni kuuza.

IJUMAA, ALASIRI

Injini iliingia. Waliining'iniza kwa cheni bloku, Baunsa anavuta, Fundi anaielekeza kwa mikono kama anayemlaza mtoto. Maunti alikuwa amezichomelea upya. Springi za mbele ameziongezea jani moja kila upande, kwa sababu uzito mpya ungelifanya gari lipige magoti. Propela ameifupisha. Giaboksi ilibaki ile ile ya zamani. Siku hazikutosha, na jambo hilo alimwambia Mshenga mara mbili.

Rejeta kubwa aliificha stoo chini ya magunia. Ndogo akairudisha mahali pake, akaizungushia bati jeusi lililoficha ukubwa wake. Alipomaliza alifunga mipira ya maji, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaukaza klipu.

Hapo ndipo alipokosea. Kati ya mipira hiyo ilikuwemo miwili ya hita, ile inayopeleka maji ya moto ndani ya gari ili abiria wasione baridi. Kwa kazi aliyoikusudia ilitakiwa aizibe. Lakini Fundi hakuwahi maishani mwake kutoa gari gerejini likiwa na mpira unaning'inia. Mikono iliifunga, kichwa hakikuuliza. Hata alipojaribu gari kwa mifuko ya mchanga, likachemka pale pale alipotaka, hita hakuikumbuka, maana nani huwasha hita kwenye joto kama lile?

JUMAMOSI, SAA TATU ASUBUHI

Walikuja wote. Stelingi alifungua boneti, akachungulia mafuta, akachungulia maji, akainama kwa muda mbele ya rejeta. Fundi alimtazama kwa mbali. Stelingi aliinuka, akamtupia kaka yake jicho, kisha akafunga boneti kwa ustaarabu.

"Vipi?" Mshenga aliuliza.

"Safi, bosi. Kaka hajawahi kutoa kazi mbovu."

Fundi alipumua. Pumzi yenyewe haikufika mbali, kwa kuwa Mshenga aligeuka akamnyooshea kidole.

"Panda nyuma. Gari likiugua njiani nataka daktari awe karibu."

"Mimi si mtu wa..."

"Panda."

Alipanda.

SAA SITA MCHANA

Ofisi ya mnunuzi ilikuwa chumba cha matofali chenye bati jekundu. Mlinzi mmoja, karani mmoja, na mnunuzi mwenyewe akifunga dirisha la mapokezi. Mshenga aliingia akiwa amevua kofia, kama mteja. Baunsa aliingia baada yake.

Fundi alisikia kiti kikianguka. Akasikia Mshenga akisema kwa upole, "Laleni chini, jamani, mtachafuka kidogo tu." Kisha sauti ya chuma kikiburutwa sakafuni.

"Fundi, njoo ushike."

Akashika. Walilisukuma sefu juu ya mabomba waliyoyalaza sakafuni, likabingirika hadi mlangoni, likapanda mbao mbili hadi nyuma ya jipu. Alipopita alimwona karani, mwanamke wa makamo, amelala kifudifudi, kiatu kimoja kimemvuka. Alitamani akiokote amvishe. Hakukiokota.

Jipu lilishuka makalio. Stelingi alikanyaga mafuta, na ile injini ya lori ikanguruma kwa raha ya kupewa kazi inayoifaa.

"Ee bwana," Stelingi alisema. "Kaka, umetengeneza mnyama."

SAA SITA NA NUSU

Njia ya nguzo ilianza. Mawe yakagonga chini ya gari. Stelingi alishika gia ya pili, hakuibadilisha, akaliacha gari lijipandie taratibu. Mshenga alikaa mbele, mahari juu ya goti. Nyuma, Baunsa na Fundi walibanwa na sefu, mmoja huku, mmoja kule.

Kutoka pale Fundi aliuona mshale wa joto kwenye dashibodi, juu ya bega la mdogo wake. Ulikuwa katikati. Kona moja, ukasogea. Kona nyingine, ukasogea tena. Ulikuwa ukitii. Kwenye kona ya mwisho kabla ya bapa uligusa wekundu, harufu ya mpira wa moto ikaanza kuingia ndani, na Fundi akahisi faraja na aibu zikimpanda kwa pamoja. Bado kidogo tu. Litazimika, litasimama mahali tambarare, mdogo wangu atashuka mikono juu, atanichukia, ataishi.

Stelingi aliuona mshale. Hakuguna, hakulaani. Alipeleka mkono chini ya dashibodi, akavuta kishikio cha hita hadi mwisho, akawasha feni.

Joto lilijaa garini kama tanuri limefunguliwa.

"Unatuoka?" Mshenga aliuliza.

"Injini ina homa, bosi. Navuta joto lije kwetu ili yenyewe ipumue. Fungueni madirisha."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Kaka. Nilikuwa bado mdogo hata pedali sizifikii."

Mshenga aligeuka nyuma. Jasho lilimtiririka usoni, lakini alikuwa anatabasamu. "Fundi, wewe una akili."

Mshale ulirudi. Unywele mmoja. Mbili. Ulitoka kwenye wekundu.

"Simama hapo bapani," Fundi alisema. "Iache ipoe kidogo."

"Hakuna kusimama."

"Itakufa, Mshenga. Mimi ndiye niliyeifunga, naijua."

"Nimesema hakuna kusimama."

"Usijali, kaka," Stelingi alisema bila kugeuka. "Nitaifikisha."

Lilikuwepo neno moja la kusema. Angesema, nimeweka rejeta ndogo kwa makusudi, gari lingesimama. Angekufa yeye, pengine. Neno lilifika kooni, akaliona goti la Mshenga na kile kilicholala juu yake, akalimeza. Baadaye angejitetea mbele ya watu wengi, na wengi wangemwelewa. Mwenyewe hakujielewa.

Bapa likafika. Kando ya nguzo kulikuwa na pikapu na wanaume wanne wenye kofia ngumu na makoti ya kung'aa.

"Hao?" Mshenga aliuliza.

"Mafundi umeme," Baunsa alijibu.

Mmoja wao alikuwa mpelelezi. Macho yake yakakutana na ya Fundi dirishani. Ya mpelelezi yaliuliza swali, na Fundi akageuza uso. Jipu likawapita, likashika mwinuko wa pili.

Mshenga alikuwa akitazama kioo cha pembeni. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Mafundi umeme wanakimbilia gari lao," alisema. "Na mmoja ana bunduki." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wakwe hawa. Nani kawaalika?"

Akageuka, mahari imeinuka, ikamtazama Fundi katikati ya kifua. Baunsa alijisogeza kando, hata kama pa kujisogeza hapakuwepo.

"Fundi. Kwa nini ulitaka tusimame pale?"

"Injini..."

"Nimekuuliza vizuri."

"Bosi, mwache kaka yangu," Stelingi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kumsikia akimwambia Mshenga kitu kwa ukali. "Alitaka tusimame kwa sababu gari linachemka. Hajui lolote huyu. Kazi yake ni spana."

Injini ikapiga mlio mmoja, mkavu, ikanyamaza.

Mvuke ulifoka chini ya boneti. Halafu giaboksi ile ya zamani ikashindwa na uzito. Gia ikachomoka yenyewe. Jipu likaanza kurudi nyuma.

Stelingi alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Injini ikiwa imekufa breki ni ngumu mithili ya kukanyaga ukuta. Akavuta hendibreki. Ilishika kidogo, ikaachia.

"Rukeni!"

Mshenga aliruka. Baunsa aliruka upande wake. Fundi alishika bega la mdogo wake.

"Twende! Toka!"

"Wewe ruka, kaka! Nikiuachia usukani linatupeleka bondeni wote!"

Na Fundi aliruka. Aliruka, hilo ndilo lililotokea. Alianguka juu ya mawe, akainuka, akaokota jiwe kubwa, akalikimbiza gari akitaka kulitupia nyuma ya tairi kama wafanyavyo madereva wa malori, lakini gari lilikuwa limeshamwacha. Alimwona mdogo wake amegeuza shingo nyuma, anapinda usukani, analipeleka jipu upande wa mlima badala ya bondeni. Lilipiga ukingo wa udongo, likasimama wima kidogo, likapinduka. Sefu likaruka kutoka nyuma, likaingia mbele.

Mpelelezi alimkuta Mshenga njiani, kifundo cha mguu kimevunjika, anawasalimia wakwe kwa adabu. Baunsa alinyoosha mikono bila kuambiwa. Hakuna risasi iliyopigwa. Fundi alikuwa ndani ya jipu lililopinduka, anasukuma sefu kwa bega, peke yake, na alikuwa analia kwa sauti.

WIKI MBILI BAADAYE, MCHANA

Wodi ilikuwa na vitanda sita. Cha dirishani kilikuwa na askari kando yake, na pingu kwenye chuma cha ubavuni. Pale shuka ilipopaswa kuinuliwa na miguu, ilikuwa imelala.

Mpelelezi alimsimamisha Fundi kwenye korido.

"Kesi inaanza kusikilizwa Jumatatu. Wewe ni shahidi wa kwanza."

"Najua."

"Mwambie mwenyewe leo. Asije akalisikia mahakamani, mbele ya Mshenga."

"Ndilo lililonileta."

Na lilikuwa kweli ndilo lililomleta. Njia nzima alilirudia. Alilianza kwa namna tatu tofauti, na zote zilikuwa fupi.

Stelingi alikuwa amekonda. Alipomwona kaka yake alijaribu kujiinua, pingu ikamvuta, akacheka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usiinuke."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Atakuja kesho." Fundi alivuta stuli, akakaa. "Nina jambo la kukuambia."

"Mimi kwanza. Limenikaa kifuani." Stelingi alimtupia askari jicho, akashusha sauti. "Ile rejeta. Niliiona."

Fundi aliitazama pingu.

"Asubuhi ile, nilipoinama. Nikaona ni ile ndogo ya zamani. Nikajua umesahau. Siku tano kazi ya wiki tatu, nani asingesahau? Nilitaka kukuvuta pembeni, lakini Mshenga alikuwa amesimama pale pale. Angejua umekosea angekumaliza. Na hata asingekufanya lolote, wewe ni kaka yangu. Nikuumbue mbele za watu? Kwa kazi yako mwenyewe?" Alitikisa kichwa. "Nikasema, nitaificha. Mshale ukipanda nitawasha hita kama alivyonifundisha. Nitafika, na hakuna atakayejua."

Dirishani palikuwa na nzi anagonga kioo. Askari alifungua ukurasa wa gazeti.

"Ningesema, tusingefika pale," Stelingi aliendelea. "Kila siku nawaza hivyo. Wewe ulisahau kitu kimoja tu, mimi ndiye niliyenyamaza. Nisamehe, kaka."

Fundi alifungua mdomo. Zile namna tatu za kuanza zilikuwepo zote. Aliitazama shuka ilivyolala, akautazama uso wa mdogo wake, uliokuwa unamsubiri amsamehe.

"Ulisahau, si ndiyo?" Stelingi aliuliza.

"Ndiyo," Fundi alisema. "Nilisahau."

Stelingi alishusha pumzi, akaegemeza kichwa kwenye mto. "Si neno. Nikitoka tutaifunga ile kubwa."

"Tutaifunga," Fundi alisema. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa.